Lengo la Msusi Liwe Mkononi Mwake

Hotuba kwa wenye saluni, wasimamizi na wasusi wa Mombasa

Kina mama, kina dada, na nyinyi kaka zetu vinyozi mliojibana pale nyuma, asalaam alaikum, na hamjambo nyote. Tumewaita Jumatatu kwa makusudi. Ndiyo siku viti vingi huwa vitupu, kwa hivyo hakuna atakayesema tumemkosesha wateja.

Ukimuuliza tajiri wa saluni lengo la wafanyakazi wake ni nini, awe wa Bamburi, Majengo au Likoni, mara nyingi atakutajia pesa: kila mmoja aingize elfu hamsini kwa mwezi. Limeandikwa kwenye kundi la WhatsApp, pengine limebandikwa ukutani karibu na kioo. Mwezi ukiisha anauliza mbona hazikufika. Wiki mbili wafanyakazi wanachangamka, kisha kila mtu anarudi alikokuwa.

Elfu hamsini ni lengo lako wewe tajiri, wala si baya. Lakini msusi hawezi kuamka asubuhi akafanya elfu hamsini. Anachoweza ni kumwosha mtu vizuri, kumwambia nywele zake zinataka nini, kumpa tarehe ya kurudi, kumaliza kichwa kwa wakati bila kumuumiza. Lengo la msusi liwe katika mambo hayo, yaliyo mkononi mwake, na pesa zije baadaye kama hesabu ya alichofanya. Tutakayosema leo yote yanatoka hapo.

Hili limefanyiwa utafiti kwa miaka mingi. Edwin Locke na Gary Latham, wataalamu wa saikolojia ya kazi, wameonyesha mara nyingi kwamba mtu aliyepewa lengo mahususi na gumu kiasi hufanya vizuri kuliko aliyeambiwa tu "jitahidi". Mwaka 1975 Latham na mwenzake walichapisha habari za madereva wa malori ya magogo huko Oklahoma, Marekani, waliokuwa wakipakia karibu asilimia 60 ya uzito unaoruhusiwa kisheria. Waliambiwa walenge asilimia 94. Hawakuongezwa mshahara, na bado upakiaji ulipanda ukapita asilimia 90. Lakini angalieni walipewa lengo gani. Uzito wa mzigo juu ya lori lake ni jambo ambalo dereva analiamua mwenyewe. Wangeambiwa waongeze faida ya kampuni, sidhani kama kuna gogo hata moja lingeongezeka.

Sasa tuje saluni. Kabla ya lengo kuna daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na saluni nyingi za mji huu zina rekodi ya M-Pesa basi. Till inakwambia saa nane na robo iliingia shilingi 1,500. Haikwambii nani alisuka, kichwa kilichukua saa ngapi, mteja ni mgeni au ni wa siku zote, na ameambiwa arudi lini. Kwa hivyo wiki nne za kwanza usimwekee mtu lengo lolote. Andikeni tu. Kila msusi awe na kurasa zake, na kila kichwa kiwe na mstari mmoja wenye mambo manane: tarehe, jina la kwanza la mteja, huduma, bei aliyolipa, saa ya kuanza na kumaliza, mgeni au amerudi, nani alimleta, na tarehe aliyopewa ya kurudi. Haichukui dakika. Aandike msusi mwenyewe, si mtu wa kaunta, kwa sababu namba aliyoiandika kwa mkono wake hawezi kuibishia, wala huna haja ya kumshawishi. Stima zikipotea, andikeni pia: hakuna stima saa tano hadi saa tisa. Mwisho wa mwezi mstari huo utawaepusha na ugomvi.

Mkitaka kuandika na namba ya simu ya mteja ili mumkumbushe, muombeni ruhusa kwanza na mumwambie itatumika kwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu hata daftari la saluni ya kichochoroni, na mteja wa Mombasa hapendi kuona namba yake imezagaa.

Kwa nini wiki nne? Kwa sababu wiki za mwezi hazifanani. Mishahara inaingia mwisho wa mwezi, saluni inajaa mpaka tarehe tano hivi, kisha wiki ya pili na ya tatu mtu anakaa anapiga miayo. Ukipima wiki moja utampa mtu lengo la uongo, ama la juu mno ama la chini mno.

Wiki nne zikiisha, kila msusi atakuwa na namba tatu: ametengeneza vichwa vingapi, wastani wa alicholipa kila mteja ni kiasi gani, na wangapi kati ya wateja wake wamerudi. Tufanye hesabu ya mfano. Msusi ametengeneza vichwa 40, wastani shilingi 1,000. Mauzo yake ni 40,000, na kwa kamisheni ya asilimia 40 ameondoka na 16,000. Yeye mwenyewe anasema anataka afikie 20,000. Asilimia 40 ya kiasi gani ni 20,000? Ni 50,000. Pengo la mauzo ni 10,000.

Hapa ndipo matajiri wengi hukomea. "Basi ongeza elfu kumi." Sasa muulize: hizo elfu kumi zitatoka wapi? Tuseme saluni ina tritimenti, yaani huduma ya kutunza nywele, ya shilingi 400. Katika vichwa 40, mteja mmoja kati ya wanne akikubali tritimenti, hiyo ni mara 10, ni shilingi 4,000. Zimebaki 6,000, sawa na vichwa sita vya bei yake ya kawaida. Vichwa sita kwa mwezi ni kimoja na nusu kwa wiki. Hapo elfu kumi za kutisha zimegeuka kazi mbili ambazo msusi anaweza kuzifanya kesho asubuhi. Ya kwanza: kila mteja, kabla ya kuoshwa, aangaliwe nywele na ngozi ya kichwa na aambiwe ukweli kama anahitaji tritimenti au hahitaji. Ya pili: kila mteja aondoke na tarehe ya kurudi, imeandikwa.

Tunasema kila mteja aangaliwe, hatusemi wangapi wakubali. Kukubali ni shauri la mteja. Msusi akiwaangalia wote kumi wa wiki hiyo na wakakubali wawili, amefanya kazi yake. Akiuza tatu kwa kumtisha msichana kwamba nywele zake zitamwagika zote, hajafanya.

Hii tarehe ya kurudi tukae nayo kidogo, maana ndiko pesa nyingi zinakopotelea. Dawa ya kulainisha nywele hurudishiwa, yaani hutiwa tena kwenye nywele mpya, baada ya wiki sita hadi nane. Rasta zisikae zaidi ya hapo. Baada ya wiki nane nywele zilizoota zimeanza kujisokota mizizini na kufumua kunazikata. Matuta ya kawaida wiki mbili. Dredi kurudishiwa wiki nne hadi sita. Piko na hina wiki moja au mbili, kutegemea mikono ya mtu inaingia majini kiasi gani. Kila msusi anazijua namba hizi, lakini ni wachache wanaozisema mteja akiwa bado kitini. Wengi husema "karibu tena", na karibu tena haina tarehe.

Cha kusema ni hiki: "Dada, dawa hii tumeitia leo tarehe tatu. Irudishiwe kati ya tarehe kumi na tano mwezi ujao na mwisho wa mwezi. Nikuandikie Jumatano au Alhamisi?" Mpe siku mbili achague, na ziwe siku zako baridi, si Jumamosi ambayo utajaza hata bila kumwita. Halafu ujumbe mfupi siku mbili kabla.

Kwa wasusi wa rasta kuna jambo linalosahaulika zaidi: kufumua. Mteja aliyesukwa wiki sita zilizopita anafumulia nyumbani mbele ya televisheni, anaosha mwenyewe, kisha anatafuta saluni nyingine ya mtindo mpya kwa sababu tayari amekatika na nyinyi. Mwambie siku ya kumsuka: kufumua, kuosha na tritimenti ni shilingi fulani, na tarehe ndiyo hii. Akija kufumua, mara nyingi atasukwa hapo hapo.

Na tukiwa kwenye rasta, msimpime msusi wa rasta kwa kipimo cha anayeosha na kukausha. Kichwa cha shilingi 2,400 kinachomchukua mtu mmoja saa sita ni shilingi 400 kwa saa. Kuosha, kukausha na kupiga pasi kwa shilingi 700 kwa saa moja ni 700. Ukipanga wafanyakazi kwa mauzo ya mwezi, wa rasta ataonekana mvivu, na yeye ndiye aliyevimba vidole. Yeye mpeni lengo la muda na la ubora: saa ngapi kwa mtindo gani, na vichwa vingapi vimerudi kurekebishwa ndani ya siku tatu. Pia mpeni wa kumsaidia. Wakishika watatu kichwa kimoja, mkubaliane kabla ya kuanza: mauzo ya 2,400 yagawanywe 800 kila mmoja, lakini mteja ahesabiwe kwa mmoja tu, yule atakayempa tarehe ya kurudi. Bila makubaliano hayo mtagombana siku ya malipo, na ugomvi wa siku ya malipo hauishi siku hiyo.

Sasa, hilo lengo analitoa nani? Analitoa msusi. Tunajua wengi wenu mmewahi kuuliza na mkajibiwa "mimi sina lengo, nafanya tu". Swali ndilo lililokuwa baya. Ukimuuliza mfanyakazi lengo lake, anasikia unamuuliza lengo lako, na anatafuta jibu litakalokufurahisha. Muulize mambo madogo yenye mwili. Ni mtindo gani mteja akiuomba huwa unampisha mwenzako? Ni huduma gani inakuchosha kupita kiasi? Mwaka huu kuna gharama gani nyumbani unayotaka saluni ikulipie: karo, chama, kodi ya nyumba? Ukiangalia kurasa zako za wiki nne, ni mstari gani unaokukera? Swali la mwisho huzaa zaidi, kwa sababu jibu liko mbele yake.

Yeye aseme kwanza, tajiri anyamaze. Akitaja lengo la juu mno, mfanye hesabu pamoja mpaka namba yenyewe imwambie. Akitaja la chini, kubali kwa mwezi wa kwanza. Mtu aliyefika mara moja anaongeza mwenyewe. Na akifika, usimwongezee kesho yake. Ukifanya hivyo mara moja tu, mwezi ujao watafika pungufu kidogo kila mmoja, na huwezi kuwalaumu.

Malengo yawe mawili kwa wakati mmoja, si matano. Wiki nne hadi nane, kisha mnaangalia upya.

Wanafunzi na wasaidizi, wao wana njia nyingine. Usimpe lengo la pesa mtu ambaye bado hajui kazi. Latham na wenzake wamelichunguza hili pia: kazi ikiwa ngeni na ngumu kwa mtu, lengo la kufikisha kiwango fulani humvuruga, anatafuta njia za mkato badala ya kujifunza, lakini lengo la kujifunza jambo fulani humfikisha mbali zaidi. Mwanafunzi aliyeambiwa alete elfu kumi na tano atakimbilia kuosha vichwa vingi haraka haraka, na mwaka utaisha hajui kugawa kichwa.

Lengo lake liandikwe kama hatua zinazoonekana. Mfano, kurudishia dawa: anauliza kama mteja amejikuna au ana kidonda, na kikiwapo anaahirisha, anagawa kichwa mafungu manne kwa mistari iliyonyooka, anapaka mafuta mazito ya kulinda ngozi kwenye kipaji, masikio na kisogo, anavaa glavu, anaanza nyuma ambako nywele huwa sugu na kumaliza pembeni ambako ni laini, anatia kwenye nywele mpya tu, si juu ya zile zilizotiwa dawa zamani, anafuata muda ulioandikwa kwenye kopo, si muda wa kubahatisha, anasuuza mpaka maji yatoke safi, kisha shampuu ya kuondoa dawa. Mwalimu wake anatia sahihi kwa kila hatua aliyoifanya sawa mara tatu mfululizo. Mara tatu, kwa sababu mara moja ni bahati. Kusuka aanze na kichwa cha mazoezi, na asihamie kichwa cha mtu mpaka mistari inyooke.

Mwenye ujuzi wa miaka mingi bila karatasi anaweza kuwa na lengo la mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, unaoanza daraja la tatu kwenda la kwanza. Hilo tajiri amsaidie kwa siku za mazoezi na vifaa, na kama ana uwezo, ada.

Mpaka hapa mambo ni matamu. Tuseme yanavyoharibika, maana malengo mabaya huharibu saluni kuliko kukosa malengo.

Ukisukuma mauzo ya dawa bila kuangalia tarehe, msusi atamrudishia mteja baada ya wiki nne. Dawa itapanda juu ya nywele za zamani, nazo zitakatika. Mteja hatakuja kukugombeza; atahama, na atasimulia. Ukisukuma kasi ya kusuka, mikono itavuta. Rasta zilizovutwa sana kipajini zinaleta vipele, na zikirudiwa rudiwa nywele za pembeni zinatoka zisirudi. Kwa hivyo kila lengo la wingi au la kasi liambatane na la ubora linalolishika: vichwa vingapi, na marudio mangapi, yaani vichwa vilivyorudi kurekebishwa. Marudio yakipanda, lengo la kasi linasimama mpaka yashuke.

Ukimwambia kila msusi aweke picha tatu mtandaoni kwa wiki, umesahau uko Mombasa. Mteja wenu wa buibui anakuja kwenye saluni yenye pazia kwa sababu kichwa chake hakitaonekana. Msusi mwenye njaa ya picha atainua simu bila kuuliza, na mtapoteza mteja, mama yake, na harusi nzima ya ukoo. Picha kwa ruhusa ya mdomo, mbele ya mteja, aione kabla haijatumwa. Mikono yenye piko mara nyingi hukubaliwa, kichwa mara nyingi hakikubaliwi, na lengo la picha wapeni tu wale wenye kazi ya kuonyesha bila sura za watu.

Halafu kuna mlango. Weka malengo bila zamu, uone wasusi wanavyomvamia mteja kabla hajafunga mwavuli. Kanuni ni hizi, na ziandikwe. Mteja aliyetaja jina ni wa aliyetajwa, hata kama atasubiri. Mteja wa kupita ni wa zamu. Mwenye zamu akiwa na kichwa mkononi, zamu inampita lakini inabaki yake kwa mteja anayefuata. Tajiri naye, kama anasuka, asijichagulie wateja wanono. Hili wafanyakazi hawalisemi mbele yako, lakini ndilo linaloua malengo mengi: namba za msusi ziko chini kwa sababu tajiri ndiye aliye mlangoni.

Orodha ya nani wa kwanza na nani wa mwisho msiibandike ukutani. Wateja wanasoma. Anayeonekana wa mwisho hapati tena kichwa kipya, basi mmemfunga hapo hapo. Namba za mtu zikae kwenye kurasa zake.

Na malipo ya ziada yasiwe yote au hakuna. Ukisema atakayefika 50,000 apate zawadi, aliye na 25,000 tarehe ishirini atakata tamaa, na aliye na 48,000 atawasumbua wateja siku mbili za mwisho. Bora ngazi: asilimia 40 mpaka mauzo ya 40,000, na asilimia 45 kwa kila shilingi inayozidi hapo. Msusi wa mfano wetu akifika 50,000 atapata 16,000 na juu yake 4,500, jumla 20,500. Aliyefika 43,000 naye ameona kitu. Kumkata mtu mshahara kwa kukosa lengo, hilo msilifikirie kabisa. Sheria ya Ajira ya 2007 imetaja makato yanayoruhusiwa, na kukosa lengo hakumo.

Mjue pia kalenda yenu. Mwezi mmoja haugawanyiki sawa, na mwaka ni zaidi. Vichwa 50 vya mwezi vigawe kwa mfano 16 wiki ya mishahara, 10, 9, na 15 mwisho. Shaabani kuna harusi na vunja jungu. Ramadhani asubuhi huwa kimya, watu wanakuja baada ya futari na tarawehe, na siku za mwisho kabla ya Idd hamlali. Kwa kuwa mwezi huo unarudi nyuma kama siku kumi au kumi na moja kila mwaka, usichukue lengo la Machi mwaka jana ukalihamishia Machi mwaka huu bila kutazama. Masika, na hasa Mei, mvua inafukuza wateja wa kukausha na kupiga pasi. Unyevu wa pwani unarudisha nywele kabla hawajafika nyumbani. Ndiyo miezi ya kuuza misuko na tritimenti, na ndiyo miezi ya malengo ya kujifunza. Desemba wageni wa bara wanashuka, Januari karo. Msusi akikosa lengo Januari usimwite ofisini. Jiulize kwanza lengo lenyewe lilitoka wapi.

Kila wiki kaeni na kila msusi dakika kumi. Jumatatu au Jumanne asubuhi, mbali na masikio ya wateja, kurasa zake zikiwa mezani. Maswali matatu yanatosha. Wiki iliyopita ulifanya nini kati ya tulichokubaliana? Nini kilikuzuia? Wiki hii utafanya nini, siku gani? Msisitizo uko kwenye siku gani. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, ameonyesha kwamba anayepanga "likitokea hili, nitafanya lile" hutekeleza zaidi ya anayesema "nitajaribu". Kwenye saluni inakuwa hivi: mteja akishika pochi kulipa, mimi nashika daftari la tarehe.

Jibu la swali la pili mara nyingi linakuhusu wewe. Tritimenti iliisha Alhamisi. Draya ni moja na wasusi wanne. Anayevuka feri kutoka Likoni unampa zamu ya asubuhi, na anafika wateja wawili wa kwanza wameshachukuliwa. Andika ahadi yako kwenye ukurasa huo huo, na wiki ijayo yeye akuulize.

Akikosa vipindi viwili mfululizo, fuateni namba kabla ya kufikia kumhukumu mtu. Vichwa vichache, wastani mzuri: tazameni zamu na saa zake za kazi. Vichwa vingi, wastani mdogo: ama haongei na wateja, ama hajui huduma za bei, mfundisheni moja. Wageni wengi na hawarudi: kaa uangalie kazi yake kuanzia kuosha hadi kumaliza, mara nyingi ni maji ya moto mno, mkono mzito, au simu. Mkishapita hayo yote ndipo mzungumze kuhusu bidii.

Watu hutuuliza: nikimsaidia hivi, si atafungua yake mtaa wa pili? Pengine. Wengine wenu mko hapa kwa njia hiyo hiyo. Lakini anayeficha nia huondoka Ijumaa na wateja ndani ya simu yake. Aliyekwambia anataka saluni yake baada ya miaka miwili mnaweza kumpangia lengo la kusimamia kiti cha pili, kununua bidhaa, kufundisha mrithi wake. Kwa miaka hiyo miwili atakuwa mfanyakazi wako bora, na huyo mrithi atabaki kwako.

Kwa mliokodisha viti, ambao msusi anakulipa kodi na pesa nyingine ni zake: huna haki ya kumpangia mauzo. Mpe daftari akitaka, mkubaliane kuhusu usafi, saa za kufungua na marudio, basi.

Nakala za ukurasa wa mambo manane ziko mezani karibu na mlango. Chukueni moja kwa kila msusi mliye naye, si moja kwa saluni, na tarehe ya kwanza iwe ya kesho.